Kidonda cha Ukurasa wa Mwisho

Mngeniacha nisuke ukili wangu. Kila mkishiba mnakuja kunikalia hapa, na leo mmenijia na habari kwamba panya wamekula kitabu cha babu yenu. Panya gani huyo anayekula mahali pamoja, padogo kama ukucha wa kidole gumba, kisha akaacha ukurasa mzima? Hicho si kidonda cha panya. Vitabu vyote vilivyoandikwa kwa mkono hapa Chundoni vina kidonda hicho kwenye ukurasa wa mwisho, na aliyekisababisha ni mtu. Nitasema mara moja. Anayetaka kusinzia asinzie, sitarudia.

Zamani, mji huu ulipokuwa mji, mambo hayakuwa hivi. Waandishi walikuwa wengi, na kila mmoja akimaliza kunakili kitabu aliandika jina lake mwishoni kwa wino mwekundu, na la baba yake, na la babu yake, na nafasi ikibaki aliongeza sifa mbili tatu ambazo hakuna mtu aliyempa. Ulikuwa ukifungua ukurasa wa mwisho unadhani umeingia harusini.

Mkubwa wao alikuwa Mwalimu Madi Shee. Watu walitoka miji mingine kuja kutazama tu anavyoandika. Mkewe, Mwana Somoe, hakujua kusoma hata herufi moja, na kazi yake ilikuwa karatasi. Karatasi ya siku zile ilikuwa na kiu, ukiiandika hivyo hivyo wino unatambaa. Basi aliipaka wanga wa mchele, akaianika, kisha akaisugua kwa dondo, lile gamba la baharini lenye mgongo laini, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka ikang'aa na kalamu ikateleza juu yake. Mabega yake yaliishia kwenye kazi hiyo. Jina lake halikuandikwa popote, wala hakuna aliyewaza kwamba lingeweza kuandikwa.

Kwa mwalimu huyo akapelekwa kijana aitwaye Lali. Mkono wake wa kuandika ulikuwa mbaya. Alifu, herufi ambayo ni mstari tu uliosimama, kwake ilisimama kama mlevi mlangoni. Mwaka wa kwanza Mwalimu hakumpa karatasi. Alimpa ubao na alifu hiyo moja, aandike, aoshe, aandike tena. Mwaka wa pili akamfundisha kuchonga kalamu za tete na kupika wino wa masizi. Kisha akampa ukurasa mmoja wa mkono wake mwenyewe, aunakili, na akaunakili mwaka mzima, ukurasa ule ule. Lali alikuwa na kichwa kigumu lakini mvivu hakuwa, hilo simnyimi. Kidole chake kiliota sugu. Baada ya miaka kumi na miwili, ukiweka ukurasa wa mwalimu na wa mwanafunzi pamoja, hata Mwalimu alikuwa akisita kuchukua wake.

Siku moja Mwalimu akamwambia, "Lali, umeuchukua mkono wangu wote. Wako uko wapi?"

"Si ndio huu, Mwalimu?"

"Huu ni wangu. Nenda kautafute wako, ndipo nitakuita mwandishi."

Lali akaona ni wivu wa mzee. Hakutafuta kitu.

Mwaka uliofuata Msikiti wa Ijumaa ukataka msahafu mpya, na kazi akapewa Mwalimu Madi. Aliandika juzuu ishirini, mikono ikaanza kumtetemeka. Zilibaki kumi. Na yule yule aliyesema nenda kautafute mkono wako, sasa akamwita Lali akamwambia, "Nimalizie, kwa mkono wangu, mtu asijue." Lali akakaa miezi tisa, akamaliza. Mwalimu akashika kalamu kwa vidole vinavyotikisika, akaandika jina lake peke yake kwa wino mwekundu. La Lali hakulitia. Kwa hiyo msinililie mzee huyo. Haikupita mwezi akafa.

Msahafu ulikuwa kwa Lali, aufunge jalada. Watu wako matangani wanasoma khitima, yeye akachukua kisu cha kuchongea kalamu, akalikwangua jina la mwalimu wake taratibu, akaandika hapo hapo jina lake mwenyewe. Akautangazia mji kwamba mzee alikuwa hajashika kalamu miaka miwili, kwamba msahafu wote kauandika yeye. Watu wakalinganisha mkono, wakauona ndio, wakaamini. Wakamwita Mwalimu. Kwa miaka sita aliandika vitabu vya mji huu, na kila kimoja kikabeba jina lake jekundu.

Na Mwana Somoe? Akipita kisimani wanawake wanasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe marehemu alikuwa akila jasho la wenzake." Akajaza mtungi wake, akaondoka. Angejibu nini, na nani angemwamini asiyejua hata herufi?

Mwaka wa saba msahafu ukalegea mshono, ukapelekwa kwake, maana hakuna mwingine aliyejua karatasi. Akaupapasa ukurasa mmoja mmoja kutafuta palipochoka. Kwenye ukurasa wa mwisho kidole chake kikakwama. Akaufunga msahafu kwa kitambaa, akaenda nao kwa wazee wa mji.

"Hapa pamekwanguliwa," akawaambia.

Mkubwa wao, Mzee Bwanaheri, akacheka kidogo. "Umejuaje, mama, nawe husomi?"

"Wewe unasoma, ulijua? Karatasi hii nimeisugua mimi. Kwingine kote inateleza, hapa inakwaruza. Na wino umetambaa kama mchuzi kwenye mkeka."

Wakaiinua kwenye jua, wakaona mikwaruzo ya kisu chini ya jina la Lali.

Lali akaitwa. "Umelifuta jina la mwalimu wako?"

"Nimeandika jina la aliyefanya kazi."

"Kazi yote?"

"Yote."

"Haya. Andika hapa, kwa mkono wako, tuuone."

Akaandika, na aliandika vizuri. Mwana Somoe akatoa ule ukurasa wa zamani ambao mumewe alimpa Lali aunakili, akauweka kando. Hapakuwa na tofauti hata ya nukta.

"Huu ni wa marehemu," akasema Mzee Bwanaheri. "Sasa tupe wako."

Lali akachukua karatasi nyingine. Ukatoka ule ule. Akachukua ya tatu, akajilazimisha kwenda kinyume na alivyozoea, na hapo alifu yake ikaegemea kama mlevi yule wa zamani. Mzee mmoja akasema, "Miaka sita tunamwita mwalimu, naye kaazima mkono." Wakacheka. Lali akainama, akasema ukweli. "Ishirini za Mwalimu, kumi zangu."

Wakahukumu afute jina lake popote alipoliandika, kwa kisu kile kile, mbele ya mwenye kitabu. Kisha wakataka kurudisha jina la Mwalimu Madi kwenye msahafu. Mwana Somoe akakataa.

"Mume wangu naye aliandika uongo. Ishirini zake, kumi za huyu, na kurasa zote zimepita chini ya mabega yangu. Pasiandikwe mtu. Pabaki hivyo hivyo."

Na tangu siku hiyo mwandishi wa Chundoni akimaliza kitabu hachovyi wino mwekundu. Anachukua kisu, anapakwangua mahali pa jina, anafunga. Hicho ndicho kidonda mnachowasingizia panya.

Lali alizunguka mji nyumba kwa nyumba. Mwenye kitabu anasimama anamtazama, yeye anakwangua. Nyumba ya mwisho ilikuwa yake mwenyewe. Mzee Bwanaheri alikuja kushuhudia, na Mwana Somoe. Mkewe Lali akatoa karatasi moja iliyokunjwa. Miaka miwili nyuma binti yao Mwanasha alikufa kwa homa, akiwa na miaka saba, na Lali akamwandikia dua bila kupiga mistari, bila kukumbuka mwalimu wala kanuni. Herufi zote zimeinama upande mmoja, kama watu wanaofuata jeneza. Chini yake, jina la mtoto na la baba yake.

Mwana Somoe akaisogeza kwenye mwanga. "Mkono huu si wa mume wangu."

"Si wake," akasema Lali.

"Kumbe ulikuwa nao."

Mzee Bwanaheri akamgeukia Mwana Somoe. "Tumwachie hii, mama?"

"Jina lake limo?"

"Limo."

"Akwangue."

Ilikuwa karatasi nyembamba. Lali alipogusa jina lake kwa ncha ya kisu ikachanika, ikaenda na jina la Mwanasha.