Mali ya Sultani Haivuji

Palikuwa na sultani mmoja, jina lake Ghalibu, ambaye hakuwa na kitu kibovu. Mwenyewe ndivyo alivyosema. Paa la jumba lake likidondosha mvua, mbingu ndizo zilizokosea. Akijikwaa, ardhi ndiyo iliyopita vibaya. Mji wake ulikuwa juu milimani, kwenye baridi ya kung'ata masikio, naye alikuwa na gari moja jeusi lenye hita, na hita hiyo ilikuwa haizimwi. Alikaa mbele, kushoto kwa dereva, kwa sababu Sultani hakai nyuma ya mtu.

Basi gari likaanza kupungukiwa maji. Kila asubuhi dereva wake, Feruzi, akifungua boneti anakuta maji ya kijani ya rejeta yameshuka. Anajaza. Kesho yake yameshuka tena. Sultani akainama mwenyewe kuchungulia chini ya gari, jambo ambalo halijapata kuonekana katika mji ule, akakuta pakavu. Akasimama, akajipangusa magoti, akahukumu.

"Mali yangu haivuji. Chini pakavu. Basi maji yanaibwa."

Na anayelala na gari ni nani? Mlinzi, Kheri, mtu mpole hata kuku humchezea. Akakamatwa kabla hajamaliza uji wake. Ijumaa, viboko arobaini hadharani.

Ila Kheri alikuwa na mke, jamani, na hapo ndipo Sultani alipojitafutia balaa. Siwema alikuwa fundi wa kulehemu rejeta za mashine za kusaga pale sokoni. Kazini alihitaji moto, lakini ulimi wake ulikuwa unachoma bila moto. Alipopata habari alilia kwanza, tusimsingizie ushujaa. Alimpenda sana mume wake. Alipomaliza kulia akanawa uso, akachukua pampu ya baiskeli, akapanda hadi barazani kwa Sultani.

"Maulana, hayo maji mume wangu ameyaiba ya nini?"

"Ya kunywa."

"Maji yale ni sumu. Angekunywa kikombe, leo tungekuwa matangani."

"Basi ameuza."

"Kamuuzia nani? Mji mzima una gari moja."

Mtu mmoja akakohoa. Sultani akamtazama mpaka kikohozi kikapona.

"Basi ameyamwaga kwa husuda."

"Ameyamwaga wapi, na chini pakavu?"

"Mwanamke, una maneno wewe."

"Ninayo, maulana, maana sina kingine cha kuja nacho. Nipe ruhusa nilikague gari. Nisipokuonyesha maji yalipo, Ijumaa utupige sote wawili."

"Na ukisema gari langu linavuja?"

"Neno hilo halitatoka kinywani mwangu."

Sultani akakubali, kwa kuwa viboko themanini vilimpendeza kuliko arobaini. Baraza zima likahamia uani.

Injini ilikuwa baridi. Siwema akafungua kifuniko cha rejeta, akaifunga pampu pale mdomoni kwa kipande cha mpira, akaanza kupampu. Maji yakisukumwa na upepo, tundu lolote litasema. Akaweka sikio kwenye rejeta. Kimya. Akasikiliza mipira, mmoja mmoja. Kimya. Akapampu tena, jasho likimtoka kwenye baridi ile, maana Ijumaa ilikuwa kesho. Ndipo akasikia: sss. Sauti ilitoka ndani, chini ya dashibodi, kwenye kirejeta kidogo cha hita, ambacho hupitiwa na maji yale yale.

"Feruzi, kaka yangu, vioo hivi huwa vinaingia ukungu?"

"Sana, dada. Sultani amenikataza kupumua kwenye kona."

Siwema akamwomba Sultani amfungulie mlango wa kushoto. Akapiga magoti, akabonyeza zulia kwa kiganja. Kiganja kikatoka kimelowa, cha kijani, kinateleza, kinanukia utamutamu.

Sasa ngoja niwaambie siri ambayo jumba zima lilikuwa nayo. Mwezi mzima Sultani alikuwa akishuka garini na pindo la kanzu limelowa, na soksi zimelowa. Dobi aliona, akafua, akanyamaza. Waziri aliona, akatazama mbinguni. Na Sultani mwenyewe, mtu wa miaka sitini na minane, aliposikia unyevu miguuni aliwaza kile ambacho mwanamume yeyote wa umri ule angewaza. Akaficha. Akapunguza chai. Rangi ile ya kijani ndiyo iliyomkosesha usingizi. Kwamba ni maji ya gari hakuwaza hata siku moja, maana mali yake haivuji.

Siwema akasimama, kiganja juu, watu wote wakaona.

"Maulana, maji haya hapa. Yako kwenye zulia, mbele, kushoto."

"Kheri ameyamwaga humo."

"Ufunguo wa mlango huu anao nani?"

Sultani akajishika shingoni. Ufunguo ulikuwa unaning'inia pale, kwenye mkufu wa dhahabu, na haukuwa na mwenzake.

"Gari langu halivuji," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka kama maji ya rejeta.

"Sijasema linavuja, maulana. Nauliza tu. Hapa hukaa nani?"

"Mimi."

"Na mwingine?"

"Hakai mwingine."

Waziri akatazama mbinguni. Feruzi akaacha kupumua, na hapakuwa na kona.

"Basi kinachovuja ni kimoja kati ya viwili," Siwema akasema, kwa adabu zote. "Kama ni gari, mfungulie mume wangu aje anishikie taa, nami nitaliziba kabla ya adhuhuri. Kama si gari, maulana, aitwe tabibu, maana mimi nalehemu rejeta tu."