Tangazo la Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakiandikana kazi kama sisi, palikuwa na shirika la hisani lililolea watoto yatima wa msituni. Mkuu wake alikuwa Mzee Kiboko. Karani alikuwa Nyati, na mlinzi wa getini alikuwa Fisi. Ndiyo, wanangu, Fisi aliwalinda yatima. Msinitazame hivyo, si mimi niliyemwajiri.

Aliyefanya kazi hasa alikuwa Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini. Alipika uji asubuhi, akapika uji jioni, na katikati akawafuta makamasi watoto wa wenzake. Ukame ulikuwa umemaliza majani kwao, na ukoko wa uji ule ndio aliompelekea mama yake. Kazi hiyo ingemtoka, mama angelala njaa.

Wiki ya pili ya kazi yake Nyati akaingia jikoni, tifu tifu tifu, vumbi likatua chunguni.

"Pimbi, Mkaguzi anakuja leo adhuhuri. Lete hati ya kuonyesha una ruhusa ya kufanya kazi msitu huu."

"Hii hapa, kaka. Barua ya mjumbe wetu, ina mhuri."

Nyati hakuishika. "Mzee anataka hati ya mto, ile wanayopewa wakazi wa mtoni."

"Sheria inasema hati ya mto, au ya kuzaliwa, au barua ya mjumbe. Mimi ndiye ninayechagua. Wewe unaitazama, unajaza fomu, basi."

"Watu wa majabalini tunawataka hati ya mto."

"Fisi alionyesha ipi?"

"Fisi ni mwenzetu."

"Na wewe, kaka?"

Nyati akapuliza pua, fuuu, akaenda zake. Kufika mlangoni akasema, "Kabla Mkaguzi hajafika uwe umeshatoka."

Mimi mwenyewe nikifika hapa damu inanichemka. Barua ipo, mhuri upo, na mtu anakataa hata kuinama aisome! Pimbi aligonga mwiko chunguni kwa hasira, ko-ko-ko. Lakini hakulia. Aliepua uji, akaenda kidimbwini kwa Mzee Kiboko, akamkuta Nyati kando yake na kalamu.

Sasa lazima mjue desturi ya pale. Hapakubandikwa karatasi yoyote bila Mzee kutajwa wa kwanza. Hata tangazo la kufagia choo lilianza na jina lake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kuaga. Ila nakuonea huruma. Mkaguzi akiona nimefukuzwa peke yangu, atasema mnachagua watu. Afadhali mbandike tangazo: asiyekuwa na hati iliyotazamwa, aondoke leo. Hapo nitatoka kwa sheria, na wewe utasifiwa."

Kiboko akapiga miayo, aaah. "Wazo si baya. Nyati, andika. 'Mpishi asiye na hati...'"

"Mpishi, Mzee? Tangazo lianze na mpishi?" Pimbi akashika kichwa. "Mimi ni nani hata nitangulie? Jina lako liko wapi?"

Kiboko akakunja uso. Kweli, jina lake liko wapi? "Futa," akamwambia Nyati. "Andika: 'Kuanzia Mkuu, Mzee Kiboko, hadi mpishi, asiye na hati iliyotazamwa aondoke leo.' Herufi kubwa kwenye jina langu."

Akatoka majini, akaikanyagia karatasi mhuri wa unyayo wake, pu! Tangazo likabandikwa getini.

Adhuhuri Mkaguzi akafika. Alikuwa Korongo, ndege wa miguu mirefu na maneno machache. Akasimama getini, akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Tangazo zuri. Tuanze kama lilivyoandikwa. Mzee Kiboko, hati yako."

"Yangu?" Kiboko akacheka. "Bwana, sisi ni shirika la hisani. Hatutafuti faida. Hizo habari za hati ni za wenye maduka."

"Aliyeajiriwa ameajiriwa, awe dukani au kwa yatima. Hati."

Hakuwa nayo. Nyati hakuwa nayo. Fisi alikuwa ameshaanza kunyata kando ya ukuta. Korongo akafungua sanduku la fomu, na humo, wanangu, ndimo mlimokuwa na aibu yenyewe. Fomu zote zilikuwa tupu, bila jina wala tarehe, lakini kila moja imekanyagiwa unyayo wa Kiboko chini ya maneno 'Nimeiona hati kwa macho yangu.' Waongo wakubwa!

"Na mpishi?" akauliza Korongo.

Pimbi akatoa barua ya mjumbe. Korongo akaisoma mbele na nyuma, akajaza fomu palepale. "Huyu anabaki. Ninyi watatu tokeni, msirudi mpaka mlete hati. Nitamtuma mwingine alinde yatima."

Wakatoka. Kiboko akageuka, akashika nondo za geti, sauti laini ghafla.

"Pimbi, mwanangu, mwambie basi kwamba unanifahamu."

"Nakufahamu sana, Mzee," akasema Pimbi. "Lakini kufahamiana si hati."

Akaenda kupakua uji, watoto walikuwa wameshapanga bakuli.

Basi ninyi mkipewa ofisi, sheria mnayomwekea mdogo ianze kuwapitia ninyi.