Neno la Khuzaima Muuza Marashi

Inasimuliwa na waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Shamu aliishi mja mwema aitwaye Khuzaima bin Wardi, muuza marashi. Mwenyezi Mungu alimjaalia pua isiyokuwa na mfano. Miski ikiletwa sokoni haikuuzwa mpaka Khuzaima ainuse na aseme, "Ni safi," au, "Imechanganywa." Walaghai wa zama zile walikuwa wakiichanganya na damu iliyokaushwa, na hakuna aliyewaweza ila yeye. Kwa kazi hiyo wafanyabiashara walimpa ujira, na kwa ujira huo aliwalea mabinti mayatima wa marehemu ndugu yake.

Basi mwaka mmoja akapatwa na homa kali. Siku aliyoinuka kitandani alimhimidi Mola wake, akaketi uani na tasbihi. Mara mkewe, Bi Lubaba, akatoka mbio akimuuliza vipi mkate unateketea tanurini nyuma ya mgongo wake, naye ametulia tu. Khuzaima aliinuka upesi. Aliingia ndani, akafungua kichupa cha miski, akavuta pumzi. Ilikuwa kama kunusa maji.

Alilia, ndugu zangu, wala hakuna aibu katika hilo. Mtu akiondokewa na kilichomlisha, hulia.

Siku hiyohiyo ikaja habari kwamba mfanyabiashara Mundhiri ameingia mjini na shehena ya miski, na kesho soko zima litamngoja Khuzaima. Bi Lubaba, aliyeishi na manukato ya mumewe tangu ujana, naye alikuwa na pua ya kutegemewa. Akamshauri kwa upole kwamba, kwa kuwa soko lisingepokea neno la mwanamke, atakaa nyuma ya pazia la duka. Khuzaima atakisogeza chombo karibu na pazia kana kwamba anatafuta mwanga. Miski ikiwa safi, mkewe atakohoa. Ikiwa imechanganywa, atanyamaza.

"Hakuna atakayedhulumiwa, bwana wangu," alisema. "Hukumu itakuwa ya haki, na watoto watakula."

Shauri hilo lilimwelemea, kwa kuwa halikuwa shauri la mtu mwovu. Kila alipowatazama mabinti wakila, moyo wake ulilielekea pazia. Lakini marehemu mama yake alimfunza angali mdogo kwamba mtu hashuhudii ila alichokijua mwenyewe, na maneno hayo hayakumtoka. Kesho angesema amenusa, ilhali hakunusa.

"Lubaba," alimwambia mwishowe, "miski itakuwa safi, lakini neno langu litakuwa limechanganywa."

Bi Lubaba alimsogelea. Kisha akamfutia machozi kwa ncha ya shela yake. "Basi nenda ukaseme kweli," alisema. "Riziki ina mwenyewe."

Kulipokucha, Khuzaima alisimama mbele ya watu akawaambia kwamba Mola aliyempa pua ameitwaa, na kwamba hajui kama miski ile ni safi au la. Wanunuzi wakatawanyika. Mundhiri, aliyekuwa na haraka, alimtolea maneno makali, na wengine wakacheka. Ujira ukakatika. Nyumbani wakala mkate kwa chumvi, na mabinti wakajifunza kusokota sufi. Hata hivyo kila asubuhi Khuzaima alishukuru kwamba homa imemwachia macho, masikio na mke asiyesimanga.

Soko likatafuta wanusaji wapya. Mmoja aliliuza neno lake kwa aliyetoa zaidi. Mwingine hakuwa mbaya, ila aliona haya kukiri asipojua, akawa anabahatisha. Miski ya damu ikajaa mjini, na waliotapeliwa walikuwa wengi. Hatimaye Mundhiri yuleyule akabisha hodi mlangoni kwa Khuzaima, akifuatana na wenzake, akaomba radhi.

"Pua zipo tele sokoni," alisema. "Tulichokikosa ni mtu wa kusema 'sijui.' Rudi, sheikh, utuonyeshe pua ya kuiamini."

Khuzaima akatabasamu. "Ninayo humu nyumbani. Lakini neno lake nitalitoa kwa jina lake, si kwa jina langu."

Tangu siku hiyo Bi Lubaba aliketi nyuma ya pazia lilelile, soko zima likijua, na Khuzaima akitangaza mbele yake, "Lubaba asema ni safi." Mabinti wakala wakashiba.

Wamesema wasimulizi kwamba pua ya Khuzaima haikurudi hadi alipofariki. Kila Ijumaa mkewe alipofukiza udi, Khuzaima alimuuliza nyumba inanukia nini leo. Bi Lubaba alimweleza, naye akasema Alhamdulillahi kama aliyeinusa harufu ile mwenyewe.

Nasi, ndugu zangu, kila mmoja wetu ana pazia lake, na nyuma yake pana heri ambayo pupa hutuhimiza tuipate kwa siri. Mola atujaalie subira ya kuingojea mpaka tuipate mbele za watu, na ulimi wa kushukuru ikichelewa.