Kokoto za Kishikwambi

Wewe uliyekaa karibu na mlango, kitu ulichonunua mwisho umekitumia mara ngapi? Usinijibu. Itikia tu. Paukwa!

Pakawa!

Mbona kama mnaumwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana simu zilikuwapo, aliishi Kakakuona na mkewe, Mama Gamba. Nyumbani walikuwa na simu na kompyuta. Simu ya kuongea. Kompyuta ya kuandikia, kwa sababu Kakakuona aliwaandikia wanyama wote barua zao.

Siku moja akapita Kunguru mchuuzi. Kraa! Kraa! Ana kishikwambi, kikubwa kuliko simu, kidogo kuliko kompyuta, kinang'aa mpaka macho yanauma.

"Gunia moja la karanga," akasema Kunguru.

Gunia la nyumbani lilikuwa hilo hilo moja, tena la mbegu. Na mvua zilishaanza kunguruma.

"Baba Gamba, cha kazi gani?" akauliza Mama Gamba.

"Cha kusomea."

"Simu haisomeki?"

"Herufi ndogo."

"Si kuna kompyuta?"

"Nzito."

"Nzito! Wewe hujawahi hata kuiondoa mezani!"

"Basi cha kuchorea."

"Kuchora? Wewe? Tangu lini?"

"Mke wangu, siku hizi kila msomi anacho."

"Ahaa. Sasa umesema."

Nchi ile ilikuwa na desturi yake. Kitu kipya hakinunuliwi mpaka kionjwe siku saba. Kila chombo huwekewa kibuyu chake. Ukikitumia, unatia kokoto moja. To! Siku ya saba vibuyu vinamwagwa mbele ya majirani. Kipya kikionekana hakina kazi, kinarudi kwa mwenyewe.

Siku ya kwanza Kakakuona akajipiga picha kwa kishikwambi. To! Akajitazama. To! Akajitazama tena. To!

Siku ya pili simu ikalia, akapokea. To! Kibuyu cha simu. Nyumbu akaja kuandikiwa barua ya posa. Taka-taka-taka, kompyuta. To! Kishikwambi kimelala.

Siku ya tatu kimelala. Siku ya nne Mama Gamba akakifunikia chungu cha mboga.

"Na hii nitie kokoto?"

"Mama Gamba, acha dhihaka zako."

Siku ya sita mkewe akaenda kisimani. Kakakuona akachungulia kibuyu cha kishikwambi. Kokoto tatu! Aibu iliyoje! Akatazama kushoto. Akatazama kulia. To! To! To! To! To! Hakuacha mpaka mkono ukachoka.

Siku ya saba majirani wakaja: Nyumbu, Pimbi, Kanga na wanawe wote. Kunguru katangulia.

Kibuyu cha simu: chwa. Cha kompyuta: chwa. Cha kishikwambi: chwaaaaa! Kokoto zikatiririka mpaka miguuni pa Pimbi.

"Loo!" akasema Pimbi. "Jirani, ulikuwa unalala saa ngapi?"

"Kazi nyingi," akasema Kakakuona, ametunisha magamba.

"Kraa! Karanga zangu!" Kunguru kashalikamata gunia shingoni.

"Ngoja kwanza," akasema Mama Gamba. Akabonyeza kishikwambi. Giza. Akabonyeza tena. Giza. Akafungua boksi, akatoa chaja. Imo ndani ya nailoni yake, haijaguswa.

"Baba Gamba, kitu hiki kimezimika tangu siku ya tatu. Hizo kazi nyingi kilizifanya kikiwa usingizini?"

"Kokoto ni kokoto!" akapiga kelele Kunguru. "Desturi yenu inasema zinahesabiwa, isipokuwa aliyezitia azikane mwenyewe, kwa mdomo wake!"

Wote wakamgeukia Kakakuona. Kakakuona akafanya wafanyavyo kakakuona wote. Kunju! Akajikunja, akawa mpira wa magamba. Wana wa Kanga wakamsukuma uwanjani. Biri-biri-biri! Majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mama Gamba peke yake hakucheka. Akainama sikioni. "Toka huko, baba. Mbegu zetu zinaondoka."

Sasa, kabla hajakunjuka, funzo nawapa kabisa. Usinunue kitu ili uonekane unacho. Ikiwa ulivyo navyo vinakutosha kwa kazi zako, kingine ni mzigo, hata king'ae vipi. Hadithi yangu naitua hapa. Limebaki neno moja, nalo si langu.

Gamba moja likainuka. Pua ikatokea.

"Nilizitia bila kukitumia," akasema Kakakuona. "Zote, kasoro tatu."