Kurudi Sahani ya Kwanza

"Usiliguse hilo jiwe!"

"Nisiliguse kwa nini? Jiwe linang'aa namna hii, halafu unataka kulirudisha kwenye kusagwa? Una akili kweli, mama watoto?"

"Linang'aa kwa sababu limelowa. Subiri likauke."

"Basi lisikauke! Lipake mafuta ya nazi kidogo. Nani atajua?"

Wapendwa, hao waliokuwa wanagombana ni mume na mke, asubuhi ya Alhamisi, kwenye ukumbi wa nyuma wa nyumba yao. Katikati yao kulikuwa na mashine ya kusaga mawe. Kama hujawahi kuiona, ni kitu cha kawaida tu. Chini kuna mota, juu kuna sahani bapa ya chuma inayozunguka, na pembeni kuna chupa iliyotobolewa inayodondosha maji ili jiwe lisipate moto. Unashika jiwe kwa vidole, unalilaza juu ya sahani, linalia kriii, na majirani wanafunga madirisha.

Mashine hiyo haikuwa ya yule mama. Alikuwa ameazimwa na mzee mmoja, fundi mkubwa wa mawe, ambaye hakuwa na mtu wa kumrithisha kazi. Mzee alimwambia, "Nakupa mwezi mmoja na jiwe moja. Nikilikuta safi, mashine ni yako na kazi ni yako. Nikikuta mkwaruzo, nakuja na mkokoteni nachukua mashine yangu." Na mwezi ulikuwa unaisha Jumamosi.

Yule mama aliitaka ile kazi kuliko kitu chochote. Alikuwa amefua nguo za watu tangu alipoolewa. Sasa kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu anachokijua kwa mikono yake, na watu wakipita wanauliza, "Hiki umefanya wewe?"

Sasa sikilizeni kosa lilipotokea. Sahani za kazi hiyo ni nne, zinabadilishwa moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni kali kama msasa wa seremala, ya pili na ya tatu zinapunguza ukali, na ya nne imebandikwa kitambaa, hiyo ndiyo ya kung'arisha. Yule mama alimaliza sahani ya kwanza, akaiosha harakaharaka, kisha akazipanga zote nne rafuni kama tunavyopanga vyombo vya kulia, moja juu ya nyingine. Nani kati yenu kina mama asingefanya hivyo? Chembe moja ya mchanga mkali ikadondoka kutoka sahani ya kwanza, ikajificha kwenye kitambaa cha ile ya mwisho. Chembe moja tu. Huwezi kuiona kwa macho. Alipofika hatua ya mwisho, wakati jiwe limeshakuwa laini na yeye ameshaanza kuimba, ile chembe ikapita juu ya jiwe kama ukucha wa paka.

Jiwe likiwa na maji, mkwaruzo hauonekani, kwa sababu maji yanaujaza. Alipolifuta likakauka, mkwaruzo ukajitokeza kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Ni mstari mwembamba kama unywele," mumewe alisema. "Mzee mwenyewe anavaa miwani."

"Mimi nimeuona."

"Kwani wewe ndiye utakayelikagua?"

"Ndiyo maana naogopa, baba watoto. Nikilipaka mafuta, mzee ataondoka amefurahi, na mimi nitabaki na mashine nisiyoistahili. Kila nikiiwasha nitausikia ule mkwaruzo."

Mume akaitazama ile sahani ya kwanza. Kisha akasema, "Ukilirudisha mwanzo, litapungua."

"Lipungue."

Akaanza upya. Akaosha meza, akaosha kila sahani peke yake, akasugua chini ya kucha kwa mswaki. Kile kitambaa akakibandua akakitupa, akakata kingine kwenye suruali ya jinzi ya mumewe. ("Ile ya Jumapili?" "Ile yenye tundu, tulia.") Akalilaza jiwe juu ya sahani ya kwanza, na kazi ya wiki tatu ikaondoka na maji machafu mbele ya macho yake. Siku mbili nzima, usiku na mchana, hadi sahani ya nne. Jiwe lililokuwa kama yai la kuku wa kisasa likawa kama la kuku wa kienyeji.

Jumamosi mzee akaja, na mkokoteni ameuacha getini. Hakukaa. Akapokea jiwe, na uso wake ukabadilika.

"Mama, mimi ni mzee lakini si mtoto. Kwa nini umeniletea jiwe limelowa?"

Yule mama akasema, "Halijalowa, mzee."

Mzee akatoa leso, akalifuta. Likang'aa. Akalifuta kwa shati lake, kwa nguvu, kama mtu mwenye hasira. Likang'aa. Akapitisha kidole akitafuta maji, kidole kikatoka kikavu. Akavua miwani akalisogeza karibu na jicho, na ndani ya jiwe akaona dirisha, na kwenye dirisha akaona uso wake mwenyewe, hadi nywele za nyusi.

Ndugu zangu, lile jiwe lilikuwa kavu kabisa, na liling'aa kuliko siku lilipokuwa na maji!

Je, sisi? Si tunapenda kukaguliwa tukiwa tumelowa? Jumapili hapa tunaimba, tunalia, tunang'aa, na ni nani atakayeona mkwaruzo? Lakini Jumanne tumekauka. Jumanne jirani amemwaga maji machafu mlangoni kwako, na mstari umejitokeza kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapo ndipo tunapokimbilia mafuta.

Mimi shule yangu ilikatikia kidato cha pili, nikaona aibu kuanza upya, kwa hiyo sisemi haya kama mtu aliyesimama mbali. Nani alitudanganya kwamba kuanza upya ni aibu? Kuomba msamaha kwa jambo la mwaka juzi, watu wakiwa wameshasahau, ni kurudi sahani ya kwanza. Inauma, na inakupunguza. Utaondoka mdogo kuliko ulivyokuja. Lakini Mungu hajawahi kupima ukubwa wa mtu, na mtu aliyekubali kusagwa hadi mkwaruzo uishe hahitaji tena kuomba watu wasimwangalie kwa karibu. Waje na leso zao! Waje na mashati yao wafute! Kadiri wanavyofuta ndivyo anavyong'aa.

Wala msidhani ushindi wa yule mama ulikuwa kubakiwa na mashine. Mashine ilibaki, ndiyo, na mumewe alikwenda mwenyewe getini kumwambia mtu wa mkokoteni aende zake. Lakini mzee bado alikuwa amesimama mlangoni na lile jiwe mkononi, fundi wa miaka arobaini, hataki kuondoka na hajui aanzie wapi. Mwishowe akainamisha kichwa mbele ya mwanafunzi wake, akasema:

"Mwanangu, nyumbani nina jiwe moja lilinishinda. Kesho nikuletee unifundishe?"