Fungu la Salha Chini ya Kawa

"Ukimpenda sungura, mpe uwanja."

Maneno hayo Bibi Tatu aliyasema jikoni, siku moja kabla ya harusi, akimwambia mama wa bibi harusi. Mama huyo tangu asubuhi alikuwa akilia huku akishindilia vitu kwenye sanduku la binti yake: maharage, unga, sufuria, hata mchi wa kinu. Sanduku lilikuwa limekataa kufungwa. Vijana waliokuwa wakimenya viazi wakaangua kicheko, wakauliza sungura ameingiaje kwenye harusi.

"Chekeni, lakini msiache kumenya," alisema Bibi Tatu. "Methali nyingi mnazozisikia ni za wahenga ambao hakuna anayejua hata majina yao. Hii bado changa, na aliyeizaa nilimjua kwa sura na sauti. Chimbuko lake ni hili."

Palikuwa na mjane huko Soni, milimani, jina lake Bi Mwanaidi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Salha, na Salha alikuwa na sungura mmoja mweupe aliyeitwa Pamba. Salha alipopata nafasi ya kusomea uuguzi Mtwara, mbali kule kusini, alimpakata Pamba hadi kituo cha basi, akamkabidhi mama yake.

"Mama, nitunzie amana yangu," alisema. "Nikirudi nimkute."

Bi Mwanaidi akasimama pale barabarani na yule sungura kifuani mpaka basi likapotea kwenye kona. Hata lilipopotea hakuondoka upesi.

Sasa, kwao Bi Mwanaidi kulikuwa na desturi yao. Msafiri huwekewa. Ukipakua chakula hupakui kwa waliopo tu. Aliye safarini naye hutengewa fungu lake, likafunikwa kwa kawa, ili huko aliko asilale na njaa na njia ya kurudi isimpotee. Mama wa Bi Mwanaidi alimwekea mumewe hivyo hivyo wakati wote alipokuwa kwenye mashamba ya mkonge. Fungu lile halitupwi, kwani kulitupa ni kumtupa mwenyewe. Na aliyeliweka halili. Kukicha hupewa mtoto wa nyumbani.

Lakini mtoto wa nyumbani ndiye huyo aliyesafiri. Asubuhi ya kwanza Bi Mwanaidi alifunua kawa, akakuta chapati za jana zimekaa vilevile alivyoziacha, na moyo ukamuuma hata akakaa chini. Alijua fika kwamba hapakuwa na wa kuzila, ila kuziona ndiko kulikomuumiza. Akatazama huku na huku, macho yakatua kwa Pamba.

"Wewe ndiye mwanawe," alimwambia. "Haya, kula fungu la mama yako."

Basi ikawa ndiyo kawaida. Leo chapati, kesho ndizi za kuchemsha, kesho kutwa maandazi, boga, mkate uliolowekwa kwenye chai ya maziwa. Na Pamba hakuwa mjinga; nani atasusia chapati akatafune nyasi? Kila alipokula, Bi Mwanaidi aliona kama Salha ndiye aliyeshiba, na usingizi ukamjia. Tena kwa kuwa mbwa walipitapita uani, na mwewe hawakosekani milimani, alimfungia bandani mchana kutwa. Amana haichezewi. Banda lilimtosha Pamba kugeuka tu, na kadiri alivyonenepa hata kugeuka kukawa kazi.

Akanenepa, jamani! Shingo ikapotea. Chini ya kidevu kukaota kidevu kingine. Jirani yake Mama Kihiyo, mwanamke mwenye mdomo, alichungulia juu ya ua akasema, "Shoga, huyo ni sungura au mto wa kochi?"

Bi Mwanaidi hakucheka. "Wivu tu huo," alimjibu. "Mtoto akitunzwa, anaonekana."

Ikafika siku bakuli likagongwa, lakini Pamba hakusogea. Alikaa pembeni akihema harakaharaka, nyuma amelowa na kuchafuka, kwa sababu hakuweza tena kujigeuza akajilamba. Nyayoni manyoya yalikuwa yamenyonyoka na ngozi imechubuka kwa kukalia uzito wake mwenyewe. Bi Mwanaidi alipoona hayo alipata tafsiri moja tu: anamlilia Salha. Nani angeijua hali hiyo kuliko yeye? Akampondea ndizi, akaongeza sukari.

Salha alipopiga simu jioni ile, mama yake alimwambia, "Hata sungura wako ameshikwa na unyonge kwa kukukosa. Nyumba imenuna, mwanangu. Nikifagia chumba chako nakaa kitandani mpaka ufagio unanidondoka."

Alikuwa amezoea kumaliza simu zote kwa maneno ya namna hiyo, wala hakujiuliza yanatua wapi. Upande wa pili Salha akaaga upesi.

Haikupita wiki, bwana mifugo aitwaye Shemdoe akapita mtaani kuchanja kuku dhidi ya ugonjwa wa kideri. Alipofika kwa Bi Mwanaidi alimwona Pamba bandani, akaweka chini boksi lake la chanjo.

"Mama, huyu anakula nini?"

Bi Mwanaidi akamtajia, tena kwa fahari, bila kusahau hata maandazi. Shemdoe alianza kucheka, halafu kicheko kikamkauka. Akamtoa Pamba taratibu, mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya makalio, akamwonyesha mama zile nyayo.

"Huyu hana unyonge. Huyu amelemewa. Ukiendelea hivi, masika hayamkuti."

"Nimempa kila nilicho nacho!"

"Ndiyo maana."

"Unataka kusema simpendi?"

"Unampenda sana, mama. Ila unamlisha njaa yako wewe. Yake ni ya nyasi. Meno ya sungura hayaachi kukua, na nyasi ndizo zinazoyasaga. Tumbo lake nalo linataka nyasi usiku na mchana. Chapati acha. Mkate acha. Ndizi, kipande kidogo siku mojamoja. Lakini usimfungishe saumu, maana sungura akishinda bila kula anaweza kufa. Punguza polepole, nyasi zijae. Na mtoe humo ndani, miguu ifanye kazi."

"Na mbwa? Na mwewe?"

"Ziba ua, halafu kaa naye. Usimkimbize na fimbo. Mpe sababu ya kwenda. Ukimpenda sungura, mama, mpe uwanja."

Bi Mwanaidi alikasirika hata Shemdoe akamaliza kuchanja kuku wote bila kukaribishwa chai. Mwanamke anayemwekea chakula mtu aliyeko Mtwara, na mgeni wa mlangoni anaondoka mkavu! Lakini jioni alimwona Pamba akijivuta kwenda kwenye maji, akafika nusu ya njia, akalala. Hasira ikaisha papo hapo, ikabaki hofu. Salha alisema, nikirudi nimkute.

Asubuhi alitelemka mtoni na mundu, njia ambayo hakuipita tangu binti yake aondoke, akarudi na mzigo wa nyasi na majani ya mchunga. Pamba alizinusa nyasi, akamgeuzia mgongo. Akamtazama mama kwa jicho la kuuliza chapati ziko wapi. Enyi watoto, lile jicho! Bi Mwanaidi alisimama, akaelekea jikoni, akarudi, akaelekea tena. Mwishowe akampa kijipande cha chapati kidogo kuliko cha jana, akajifunga kanga kiunoni na kutoka nje asimwone.

Siku baada ya siku kipande kilipungua na nyasi zikaanza kutafunwa. Akamtoa uani. Pamba akakaa palepale alipowekwa. Bi Mwanaidi naye akakaa chini hatua chache mbele yake, na jani la mchunga mkononi. Jua lilikuwa limeshapanda ndipo Pamba aliporuka mruko mmoja. Akapumzika. Akaruka mwingine, akalidaka jani. Bi Mwanaidi alipiga kigelegele mpaka Mama Kihiyo akachungulia kuuliza nani kaolewa.

Kesho yake alikaa mbali kidogo zaidi. Baadaye akaanza kumfichia majani: nyuma ya kinu, ndani ya tenga bovu, katika boksi alilolitoboa huku na huku likawa handaki. Pamba akajifunza kutafuta chakula chake.

Lakini kulikuwa na jambo lililomshinda Bi Mwanaidi, nalo ni lile fungu. Aliendelea kupakua na kufunika, na asubuhi akawa anasimama na sahani mkononi, hana wa kumpa. Zamani Pamba alikula, sahani ikawa tupu, na sahani tupu ilimdanganya kwamba kuna mtu aliyekula. Sasa sahani ilikuwa imejaa, na nyumba ilikuwa tupu, na yeye alimtamani mwanawe mpaka mbavu zikamuuma. Alilia akiwa amesimama. Kisha akajifuta, akazunguka ua, akabisha kwa Mama Kihiyo.

"Hili ni fungu la Salha," alisema. "Sina wa kulila."

Mama Kihiyo siku hiyo hakutania. Alipokea sahani kwa mikono miwili, akamvutia mwenzake kigoda, akammiminia chai. Tangu hapo sahani ilivuka ua kila asubuhi, na aliyeipeleka alirudi ameongea na mtu. Ni Mama Kihiyo huyo huyo aliyemsaidia kuziba matundu ya ua kwa fito na matete.

Pamba akapungua. Shingo ikaonekana tena, nyayo zikaota manyoya, na alfajiri akawa anakwaruza mlango wa banda atolewe.

Sasa nyamazeni kidogo, maana hapa ndipo penyewe. Asubuhi moja Bi Mwanaidi alikuwa uani akimtazama Pamba, simu ikalia. Ni Salha.

"Mama, nimeamua. Naacha chuo, narudi nyumbani."

"Kuna nini huko?"

"Huku hakuna neno. Masomo yanaenda vizuri. Ni wewe, mama. Kila nikikupigia unalia. Nikiingia darasani sisikii anachosema mwalimu, nakusikia wewe. Nimeshafunga mizigo. Sema tu neno moja, kesho nipo njiani."

Neno hilo Bi Mwanaidi alikuwa ameliombea kwenye kila sala. Njoo. Lilikuwa tayari ulimini. Aliona mlango ukifunguliwa, aliona kanga za Salha kwenye kamba, aliona chapati zikiliwa na mwenyewe. Akafungua kinywa.

Wakati huohuo Pamba alichomoka kutoka mwisho wa ua. Akalizunguka tenga, akalipita lile boksi, akaruka juu akajipinda hewani, akatua, akaondoka tena mbio. Hakuna jani lililofichwa kule alikokwenda. Alikimbia kwa raha zake tu. Bi Mwanaidi alikuwa hajamwona akifanya hivyo tangu Salha aondoke, na akalikumbuka lile banda, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akimjazia bakuli kila asubuhi akidhani anamtunza.

"Salha," alisema. "Ukimpenda sungura, mpe uwanja."

"Mama? Sungura ameingiaje tena hapa?"

"Nilimlisha nusura nimuue. Nawe nimekuwa nikikulisha machozi kila ukipiga simu. Fungua mizigo yako. Soma mpaka umalize. Sikufichi, mwanangu, nakutamani; hata kelele zako za asubuhi nazitamani. Lakini hamu hiyo ni yangu, nitaibeba mwenyewe. Usiache uwanja wako kwa ajili yangu."

Salha alilia, mama hakulia. Simu ilipokatika ndipo alipolia yeye, kwa sauti, palepale uani, na Pamba akaendelea na mbio zake.

Salha alimaliza. Alirudi akiwa muuguzi kamili, kwa likizo fupi kabla ya kwenda kuanza kazi, tena mbali. Alipoingia uani alitupa begi, akamkimbilia Pamba kumkumbatia. Pamba akamchenga, akapita chini ya mikono yake, akazunguka ua mzima, akasimama kule mwisho akimtazama.

"Mama, hanijui tena!" alisema Salha, na machozi yakamlengalenga.

"Anakujua. Kaa chini tu, umngoje."

Salha akakaa chini, mikono imetulia mapajani. Pamba alikula jani moja, akala la pili, kisha akaja kwa miguu yake mwenyewe, akampandia. Bi Mwanaidi aliwatazama kitambo. Halafu akaingia ndani, akafunua kawa, na kwa mara ya kwanza fungu la Salha likaliwa na Salha.

Bibi Tatu akaishia hapo. Viazi vilikuwa havimenywi tena, na hakuna aliyecheka. Kwenye kona mama wa bibi harusi alikuwa amesimama mbele ya sanduku la binti yake. Alikuwa ameacha kulia muda mrefu tu. Aliinama, akatoa mchi. Akatoa sufuria, akatoa unga. Mfuko wa maharage aliushika kifuani kidogo kabla ya kuuweka chini. Kisha akakandamiza kifuniko, na sanduku likafungika bila ubishi.

"Ukimpenda sungura," alisema taratibu, mkono ungali juu ya sanduku, "mpe uwanja."