Kwa Nini Mbayuwayu Husema Akiruka

Zamani, ukungu ulipokuwa bado unalala kwenye mafunjo mpaka jua kali, ndege wote wa kinamasi walizungumza wakiwa wametua. Kila asubuhi walikusanyika, na msimamizi wao, Korongo, alitoa ruhusa ya kusema. Sheria ilikuwa moja: mgeni aliyetua asiseme mpaka alale hapo siku saba. Waliiweka baada ya mgeni mmoja kupiga kelele kuwa kuna nyoka, kumbe hayupo, na mama wengi wakaacha mayai yakapoa.

Mbayuwayu alifika asubuhi moja, bawa lina tope. Njiani alikuwa ameuona mto ukishuka kutoka milimani, mwekundu, umebeba miti. Ulikuwa umeshachukua makinda wake. Jioni ungefika hapa, na hapa pia makinda walilala chini ya mafunjo, vinywa wazi.

"Korongo, nina neno," alisema kwa sauti ndogo.

"Umelala hapa mara ngapi?"

"Bado hata mara moja."

"Basi tulia. Siku ya saba utasema."

"Siku ya saba hapatakuwa na..."

"Nyamaza, mgeni!"

Ndege mmoja mwenye kiota karibu, Kwera, akacheka. "Tope halijamkauka, ameshaanza hotuba!"

Mbayuwayu aliona haya, akajikunyata. Baadaye alimsogelea Kwera, akamnong'oneza amsemee.

"Mimi? Nifukuzwe kwa maneno yako? Thubutu!"

Kinda wa Kwera akapiga mwayo, akalala tena. Mbayuwayu alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akairudia ile sheria kichwani, polepole, neno kwa neno. Mgeni aliyetua. Akaruka.

"Maji yanakuja!" alilia akizunguka juu ya vichwa vyao. "Wapandisheni watoto kwenye kichuguu kile kirefu!"

Korongo alifungua mdomo amkemee, akaufunga. Mgeni hakuwa ametua.

"Msikilizeni," akasema.

Mama wakabeba makinda midomoni, Kwera mbele yao. Jioni mafunjo yote yalilala chini ya maji mekundu, na kichuguu kilibaki peke yake, kimejaa sauti za watoto.

"Dada, tua useme," Korongo alimwambia. "Siku zako tumezifuta."

Mbayuwayu akatua. Wote wakamgeukia. Akafungua mdomo, akakumbuka "Nyamaza, mgeni!", na sauti haikutoka mpaka aliporuka tena.

Na tangu siku hiyo mbayuwayu akitua hunyamaza, akiruka husema bila kupumzika. Na ndege wa kinamasi wakimsikia juu yao, huacha kula, wakautazama mto kwanza.